Michoro ya vitabu vya Narnia: nani aliichora, na nianze na kipi kumsomea mwanangu?

Binti Seremala, Mbeya

Kamwene wa Iringa na Njombe, ugonile wa Rungwe, na wengine wote hamjambo.

Nina swali kuhusu vitabu vya utotoni, na naomba mnivumilie maana siwezi kuliuliza bila kueleza nilivyokutana navyo.

Nimekulia Mafinga. Baba yangu ni seremala. Karakana yake ilikuwa uani kwetu, banda la mabati lenye benchi mbili, na maranda yalikuwa yanafika hadi mlangoni mwa jiko. Kazi yake kubwa ilikuwa makabati ya nguo. Mbao zilitoka msitu wa kupandwa wa Sao Hill, paini, na aliyekulia Mufindi anaijua ile harufu ya utomvu inayoganda kwenye nguo, unafua mara mbili bado ipo. Kabati likiisha linasimamishwa pale bandani kumsubiri mwenyewe amalizie hela, na sisi watoto tunaingia humo kujificha. Ndani giza, paini mbichi puani, na mstari mmoja mwembamba wa mwanga pale milango inapokutana.

Nikiwa darasa la sita, mwaka 1996, shuleni kwetu lilikuja boksi la vitabu vya msaada. Mwalimu wa Kiingereza akaturuhusu kuazima kimoja kimoja. Changu kilikuwa kimenyofoka jalada. Nilikichagua kwa ajili ya mchoro mmoja tu: msichana mdogo ameshikana mkono na kiumbe mwenye miguu ya mbuzi na vipembe, wamejikinga kwa mwavuli mmoja, na kuzunguka pande zote ni theluji na miti. Ile miti ndiyo iliyonishika. Mirefu, imenyooka, matawi yameinama kwa uzito. Nilisema moyoni, hii ni Sao Hill. Mtu ameichora Sao Hill, akaitia theluji.

Nilisoma kwa kamusi ya baba iliyokatika mgongo, ukurasa mmoja jioni nzima, kwa kibatari. Neno la kwanza nililolitafuta lilikuwa wardrobe. Nilipokuta maana yake ni kabati la nguo, nilifunga kitabu nikakaa kimya. Yule msichana, Lucy, anaingia kwenye kabati lililojaa makoti ya manyoya, anapapasa mbele akitegemea kugusa ubao wa nyuma, anakuta kitu kinachomchoma usoni. Matawi ya miti. Chini ya miguu kitu laini na cha baridi. Mbele kuna taa inawaka juu ya nguzo katikati ya msitu, pasipo nyumba wala barabara. Kesho yake niliingia kwenye kabati la mteja wa baba nikapapasa. Baba alikuwa anafunga migongo ya makabati kwa plaiwudi nyembamba. Niligonga pole pole, nikasikiliza.

Baba alinikuta humo akanigombeza, akasema usijifungie kabisa ndani ya kabati, acha mlango wazi. Mwandishi naye anasema hivyo hivyo! Lucy aliacha mlango wazi, kwa kuwa alijua ni upumbavu mkubwa kujifungia kabatini. Nilimsomea baba ile sentensi kwa Kiingereza changu cha darasa la sita, nikamtafsiria. Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesikia maneno ya fundi mwenzake.

Kuna jambo jingine la baba nataka liwepo hapa. Masika ikikolea, milango ya makabati ya paini inabana. Wateja wanarudi kulalamika. Wateja anawaambia ukweli wa kazi, kwamba mbao inavuta unyevu na kuvimba, kisha anachukua randa anapunguza ukingo. Lakini sisi watoto alikuwa anatuambia: "Sao Hill kunanyesha. Mbao imesikia."

Baada ya kile niliazima viwili vingine vya mfululizo huohuo. Kimoja cha meli yenye kichwa cha joka, kurasa za mwisho hazipo, na kimoja cha mvulana aliyetoroka na farasi anayeongea. Vyote vilikuwa na michoro ya mkono uleule: wino mweusi, mistari myembamba kama uzi, na nafasi nyeupe iliyoachwa makusudi ili theluji ionekane ni theluji. Boksi likaisha kama maboksi ya shule yanavyoisha. Sikuviona tena.

Sasa binti yangu ana miaka tisa. Mwezi uliopita nikakuta kimoja Mwanjelwa kwa muuza vitabu vya mtumba, jalada lina picha ya filamu ile ya 2005. Filamu niliiona, ni nzuri, ila siyo nilichokuwa nakiona bandani. Kilichonishangaza ni mgongoni: kimeandikwa namba 2. Na ni kilekile cha kabati, ambacho mimi miaka yote najua ndicho cha kwanza.

Kwa hiyo naomba mnisaidie. Ile michoro ni ya nani? Hicho cha namba 1 ni kipi, kina nini ndani, na je, nianze nacho kumsomea mtoto?

Jirani wa Gangilonga, Iringa

Kamwene dada. Umenirudisha mbali sana. Mimi nilivisoma Maktaba ya Mkoa hapa Iringa, nikitoka shule napitia pale mpaka wanafunga madirisha.

Michoro ni ya mwanamke Mwingereza, Pauline Baynes. Alizaliwa 1922, miaka yake ya kwanza aliishi India, na alifariki 2008. Wakati wa vita ya pili alifanya kazi ya kuchora ramani za bahari kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza, na ukiangalia ramani aliyoichora ya Narnia, ile nchi ya kubuni ya vitabuni, utaona mkono wa mtu aliyezoea kazi hiyo. Alikuwa hajafika hata miaka thelathini alipoanza michoro ya Narnia, na akaichora ya vitabu vyote saba. Uzeeni aliipaka rangi yeye mwenyewe, kwa hiyo ukikutana na toleo la rangi lenye jina lake, ni lake kweli. Sharti lako kwa muuza vitabu liwe moja: afungue kurasa za mwanzo akusomee jina la mchoraji.

Namba sasa. Mwandishi, C. S. Lewis, alitoa vitabu hivi kimoja kila mwaka, kuanzia 1950 hadi 1956. Cha kabati, The Lion, the Witch and the Wardrobe, ndicho cha 1950, cha kwanza kabisa, hukukosea. Kikafuata cha Prince Caspian, kisha cha meli mwaka 1952, cha kiti cha fedha, cha farasi na mvulana 1954, na mwaka 1955 ndipo akatoa The Magician's Nephew, kinachosimulia mambo yaliyotokea kabla ya yote. Cha mwisho, The Last Battle, kilipata nishani ya Carnegie, ile tuzo ya Uingereza ya vitabu vya watoto. Kwenye miaka ya 1990 wachapishaji walivipanga upya kwa kufuata matukio, hiki cha sita kikapewa namba 1. Lewis mwenyewe mwaka 1957 alimjibu kwa barua mtoto mmoja wa Marekani kwamba mpangilio wa matukio unampendeza, ila akaongeza kuwa pengine haina uzito sana mtu anasoma kwa utaratibu gani.

Mimi nasema ina uzito, na nitalitetea hili. Anza na kabati. Ile taa katikati ya msitu, mtoto lazima aikute bila maelezo. Akianza na namba 1 anaambiwa mapema taa imetoka wapi, na anapofika pale pa theluji anaipita kama nguzo yoyote ya umeme.

Nilitaka niishie hapo, lakini kwa sababu baba yako ni seremala, siwezi kukunyima kilichomo mwishoni mwa hicho cha namba 1. Kuna mvulana, Digory, anapewa tufaa huko Narnia limponye mama yake mgonjwa. Mama anapona, na kokwa analifukia kwenye bustani ya nyumba huko London. Linaota mti. Mti unakua kama miti mingine, ila siku nyingine unayumba na kupeperusha matawi wakati hapo London hakuna hata upepo. Huko Narnia ndiko kunakovuma, na mti unasikia asili yake. Miaka ikapita, dhoruba ikauangusha. Digory, ambaye sasa ni mtu mzima, hakuweza kuvumilia uchanjwe kuni. Akachukua mbao zake akatengenezesha kabati la nguo, akaliweka kwenye nyumba yake kubwa ya shamba.

Ndilo kabati hilo.

Nimesoma maneno ya baba yako, "mbao imesikia", nikasimama nikazunguka nyumba.

Na kabati la kweli pia lipo. Babu yake Lewis alilichonga kwa mikono yake, la mwaloni, na leo limehifadhiwa Chuo cha Wheaton, jimbo la Illinois, Marekani. Lewis na watoto wenzake wa ukoo walikuwa wanaingia humo wanasimuliana hadithi.

Mtoto wa Makete

Dada, mimi sikuwa na paini kwa wingi huo, lakini baridi nilikuwa nayo. Kwetu ni upande wa Kitulo. Juni na Julai unaamka alfajiri majani yote meupe, ukikanyaga yanalia chini ya kiatu, na maji ya kwenye ndoo yamefunga utando. Bibi anatoka kuangalia viazi kama vimeungua. Niliposoma kwamba yule mchawi mweupe amefanya Narnia iwe baridi siku zote na Krismasi haifiki, sikuhitaji mtu anieleze. Niliwaza tu, Julai isiyoisha.

Ndiyo maana sura ninayoipenda kuliko zote ni ya theluji kuyeyuka. Edmund, kaka yake Lucy, anaburutwa na mchawi, na kidogo kidogo anaanza kusikia maji yanatiririka mahali, halafu tone, halafu ndege, halafu maua madogo yanatokeza chini ya miti. Mchawi anakasirika kila ua linapochanua. Aliyewahi kuvuka Kitulo mvua zikiwa zimeshika, kuanzia Desemba hivi, anajua jambo hilo lilivyo. Mwezi mmoja ni nyasi kavu na upepo, mwezi unaofuata huwezi kukanyaga bila kukanyaga ua. Watu wanapaita Bustani ya Mungu tangu kabla haijawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na mimi nilipokuwa mtoto niliamini kabisa Aslan, yule simba wa Narnia, amepita huko usiku. Jina la Aslan lenyewe ni Kituruki, maana yake simba.

Halafu mama biva! Kwa wasiomjua, biva ni mnyama wa mtoni wa nchi za baridi anayejenga mabwawa kwa miti. Watoto wanapofika kwake, yuko anashona kwa cherehani. Mchawi anakuja, wote inabidi wakimbie, na yeye anafungasha chakula taratibu kisha anauliza kama cherehani ni zito sana kubeba, maana hataki yule mchawi alichezee na kuliharibu. Mama yangu alikuwa mshonaji. Cherehani letu lilikuwa la mkono, linafunikwa kitambaa cheupe cha kudarizi, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuzungusha gurudumu. Nilimsomea hapo akiwa anapindia suruali ya mtu. Aliacha kazi akaniangalia. "Ana haki," akasema. "Cherehani haliachwi."

Baadaye Krismasi inapofika, mama biva anapewa cherehani jipya. Mama aliniomba nirudie hiyo sentensi.

Mwalimu wa Tukuyu

Nimefurahi kuwasoma, na sitaki kuharibu, lakini mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na lazima niseme.

Hicho cha farasi, na kile cha mwisho, vina watu wa kusini wanaoitwa Wakalormen. Wana ngozi nyeusi nyeusi, vilemba na majambia, wanamwabudu mungu katili, wanauza watumwa. Watu wema wa kaskazini ni weupe. Mtoto wetu akisoma bila mtu pembeni, anajikuta anashangilia dhidi ya watu wanaofanana naye na majirani zake wa pwani. Msomeeni, ndiyo, mimi mwenyewe nimevisoma, lakini mkifika hapo simameni muongee. Msipitilize.

Na pili, msimpe hivyo peke yake. Tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umesaidia kutoa vitabu vya Kiswahili vyenye picha, vimeandikwa na watu wetu na kuchorwa na wachoraji wetu. Darasani kwangu mtoto asiyeweza sentensi tatu za Kiingereza anakimaliza kitabu cha namna hiyo kabla ya kengele na anaomba kingine. Binti Seremala alisoma ukurasa mmoja jioni nzima kwa kamusi. Yeye alivumilia. Nimefundisha wengi waliofunga kitabu ukurasa wa pili na hawakufungua kingine.

Binti Seremala, Mbeya

Ndaga fijo mwalimu, na asanteni sana wote.

Mwalimu, lile la Wakalormen nililihisi nikiwa mdogo bila kuwa na maneno ya kulisema. Kwenye kitabu cha farasi kuna msichana wa kwao, Aravis, ametoroka ndoa ya kulazimishwa, anapanda farasi vizuri kuliko yule mvulana, na akianza kusimulia jambo kila mtu ananyamaza, kwa sababu kwao watoto wanafundishwa kusimulia hadithi kama wa Uingereza wanavyofundishwa kuandika insha. Mimi nilikuwa upande wake tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa narudi kuangalia mchoro wake kuliko ya wengine. Nitasimama hapo na binti yangu kama ulivyosema, na nitamuuliza yeye anamwonaje kabla sijamwambia kitu. Na vya Kiswahili anavyo, nimeviweka rafu ya chini anayoifikia mwenyewe.

Jirani wa Gangilonga, jana jioni nilimpigia baba. Ana miaka sabini na minne, macho hayamruhusu tena kukata viungo, ila bado anakaa bandani. Nikamsimulia yote uliyoniandikia: kokwa, mti unaoyumba bila upepo, dhoruba, kabati. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, mti gani? Nikasema mtofaa. Akasema mitofaa anaijua, aliwahi kuletewa vipande kutoka Makete, mbao yake ngumu, nzuri kwa mpini, lakini mti ni mfupi na umepinda, hupati ubao mpana wa mlango. Huo wa huyo bwana lazima ulikuwa mkubwa ajabu. Nikasema ulitoka Narnia, baba. Akasema, basi sawa. Akauliza kama waliuacha ukauke vizuri kabla ya kuuchana. Sikuwa na jibu.

Nikamuuliza anakumbuka alivyokuwa anatuambia habari ya mbao na mvua. Kulikuwa na kelele kubwa kwenye simu, nikadhani mtandao. Ilikuwa mvua juu ya mabati. Akasema inanyesha tangu asubuhi, na mlango wa kabati la mama umebana toka juzi, hajampata kijana wa kuja kumshikia randa.

Jumamosi tunapanda basi, mimi na binti, tunakwenda Mafinga. Nimeamua tunaanza na kabati, kwa toleo hili hili la Mwanjelwa, na tutasomea bandani. Michoro nitaendelea kuitafuta, sasa ninalo jina la kuulizia.

Mtoto wa Makete, kama unacho kile cha meli chenye kurasa zote, naomba uniazime au unipigie picha kuanzia pale panya mwenye upanga anapoteremsha mtumbwi wake mdogo na bahari imejaa maua meupe. Changu kiliishia hapo. Usiniambie kinachotokea.